Machozi ya Nana

Shela, Malindi
16 Juni 1986

Kwa fundi Dena Menza, dukani karibu na kivuko, Kilifi.

Salamu zikufikie. Hunijui wala sikujui, ila Kambi, dereva wa lori la mikate, ameniapia kwamba mkono wako ni mwepesi, na kwamba kila Jumamosi unapiga kinanda cha umeme kwenye hoteli ya watalii bila kulewa. Sifa ya pili ndiyo iliyonitia moyo.

Nakuletea kwa mkono wake redio-kaseti yangu. Upande wa redio unasema vizuri, lakini kaseti inasema kama mtu mwenye ubwabwa mdomoni. Mimi ni mjane. Nasomesha watoto wa kike Kurani barazani kwangu kila siku baada ya alasiri, na saa nyingine zote redio hiyo ndiyo mwenzangu.

Ndani yake kuna kaseti imekwama. Usiikate, usiivute kwa nguvu, na tafadhali usiisikilize. Ina nyimbo tano za Kiarabu alizoimba jamaa yetu mmoja, Nana binti Stambuli, Mungu amrehemu. Anayepiga udi ni marehemu mume wangu, Faki, na ni yeye aliyeirekodi mwaka wa sabini na mbili. Hakuna nakala nyingine duniani.

Wassalam,
Kaltuma binti Abeid


Kilifi
2 Julai 1986

Mamangu Bi Kaltuma,

Shikamoo. Redio imefika salama na ugonjwa wake nimeuona: ule mpira unaozungusha kaseti umelegea. Nimeagiza mwingine Mombasa. Kaseti yako imetoka bila kukatika.

Naomba radhi kwa jambo moja. Fundi hawezi kujua kama mdomo umepona bila kusikia maneno, kwa hiyo nilisikiliza kidogo. Mama, huyo marehemu Nana aliimba. Mimi ni Mgiriama wa Kakuyuni, Kiarabu sikijui hata cha kuombea maji ya kunywa, lakini wimbo wa tatu ulinishika hata nikakisahau chuma cha kuchomelea juu ya meza, na meza sasa ina tundu. Mle ndani anasema nini? Naona ni huzuni kubwa sana.

Kaseti haina neno. Usiwe na wasiwasi nayo.

Mwanao,
Dena Menza


Kilifi
4 Julai 1986

Ndugu yangu Karisa,

Natumai chumvi ya Marereni haijakumaliza. Soma barua hii peke yako, kisha uichane.

Nimemwua marehemu mara ya pili. Kuna mama wa Malindi ameniletea kaseti, ya pekee duniani, mwimbaji amekufa na mpiga udi amekufa. Nilikuwa nikiijaribu, mteja akanisemesha kuhusu pasi yake, nikabonyeza kitufe chekundu badala ya cheusi, nikaendelea kujaribu maikrofoni na kinanda. Nilipogundua zilikuwa zimepita dakika nne. Katikati ya wimbo wa tatu, pale sauti ya yule bibi ilipokuwa inapanda, sasa niko mimi: "Helo, helo. Moja, mbili, tatu. Dena hapa." Halafu kinanda changu, halafu mteja anauliza pasi itakuwa tayari lini.

Mama nimemwandikia kuwa kaseti haina neno. 

Mwanzoni nilitaka kuliziba tundu tu. Nikachukua mashine mbili, moja ikiimba na nyingine ikirekodi, nami katikati na kinanda. Unajua vile vitufe vyake vya midundo, rumba, disko, bosanova, vile nilivyokuwa nikiwachezea Waitaliano mpaka nikavichukia. Nikajaribu samba chini ya ule udi. Karisa, viliingiana kama kisu na ala yake. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na si kwa sababu ya dhambi peke yake.

Njoo Jumapili mchana na kayamba na zile ngoma zako za mwanzele. Nataka kuzifanya nyimbo zote tano. Tukifanya kitu kizuri sana, pengine mama hataniuliza kitu kibaya.

Dena


Shela, Malindi
15 Julai 1986

Fundi Dena,

Uliambiwa usisikilize. Hata hivyo umemsifu mtu wa kwetu na mimi si mchoyo wa majibu.

Nana alikuwa mwanamke wa Lamu, mpole, mwenye haya, na mzuri wa sura kuliko watu walivyokuwa wakisema. Aliuawa na homa. Hakuacha mtoto. Sauti yake wengine waliiona ya kawaida, lakini wewe una masikio yako na siwezi kukukatalia. Wimbo wa tatu ni wa mwanamke aliyekikosa kitu alichokuwa amekitarajia maisha yake yote. Zaidi ya hapo usiulize.

Huo mpira wa Mombasa unakuja kwa miguu?

Kaltuma binti Abeid


Kilifi
1 Agosti 1986

Mamangu Bi Kaltuma,

Shikamoo. Redio anayo Kambi, itakufikia pamoja na barua hii. Imepona.

Kaseti naibakiza siku chache. Imekaa sana mahali pamoja na inataka kupumzika penye hewa, ndipo izungushwe tena. Hayo ni mambo ya kifundi.

Habari za Nana zimenitia simanzi. Nimezisoma mara nyingi. Mama, naomba kukuuliza: wimbo kama huu ukisikika na watu, marehemu ataona vibaya?

Mwanao,
Dena


Shela, Malindi
8 Agosti 1986

Dena,

Redio imefika na inasema vizuri. Ahsante.

Sijapata kusikia kaseti inayopumzika. Umeuliza kama marehemu ataona vibaya watu wakimsikia. Maiti haoni vibaya wala vizuri. Rudisha kaseti.

Kaltuma binti Abeid


Shela, Malindi
22 Septemba 1986

Dena,

Salamu nitazitoa mwishoni kama zitabaki.

Ijumaa mchana nilikuwa uani naosha mchele, nikasikia kilio mlangoni kwangu. Si kilio cha mtu mmoja. Nilipofungua nikawakuta wanawake kumi na watatu wa Mambrui, mabuibui meusi toka mlango wangu mpaka kwa jirani, na mbele yao wifi yangu Shekha, dada yake Faki, amebeba birika la kahawa kubwa kama mtoto. Aliponiona alikaa chini palepale kizingitini.

Nikamwuliza, "Shekha, nani amekufa?"

Akasema, "Wewe."

"Nani kakwambia?"

"Kaseti."

Akaitoa kifuani. Ina karatasi ya picha ya mnazi unaodondosha machozi. Nimeisoma mara tatu, kwa hiyo nakunakilia usije ukasema nimezidisha: "MACHOZI YA NANA. Nyimbo za Kiarabu kwa kinanda cha umeme, ngoma za Kigiriama na midundo ya dunia. Kwa kumbukumbu ya mwimbaji aliyetutoka, Mungu amlaze mahali pema."

Shekha akaniambia, "Huyo Nana simjui. Lakini sauti yako naijua tangu una meno ya utoto. Nikasema Kaltuma amekufa, na kwa kuwa ni mwalimu wameona haya kumtaja."

Sasa nawe ujue. Hakuna Nana binti Stambuli. Hakupata kuzaliwa, kwa hiyo hata homa ya Lamu nimeisingizia. Mwimbaji ni mimi. Niliimba kwenye harusi za mji huu tangu msichana mpaka Faki alipofariki, na tangu hapo sijafungua mdomo, miaka kumi na mmoja. Wazazi wa wanafunzi wangu wengi ni vijana au wageni, hawayajui hayo, nami sikutaka wayajue. Nilipokuandikia nilijificha kwa maiti nikidhani maiti hana taabu. Kumbe ana wageni kumi na watatu.

Wakataka kusikia kaseti. Tukaitia kwenye redio ileile uliyoitibu. Ikaanza ngoma, ikaanza kayamba, mara mimi, wa miaka ile, naimba, na chini yangu kitu kinaruka kama maharage kwenye sufuria. Shekha akasema hiyo ndiyo samba, wameisikia kwenye harusi ya Mhindi. Kisha ukaja wimbo wa tatu, na wewe ukatia kile kilio cha kinanda kama watu wanamzika askofu. Dena, wimbo ule ni wa mwanamke aliyeahidiwa bangili na mumewe akarudi sokoni na punda. Beti kumi na mbili, zote za punda. Pale unapolia wewe, mimi nalalamikia bei ya shayiri.

Na mwisho wake Faki anacheka. Alicheka kweli siku ile, kwa sababu nilimtazama yeye nilipofika kwenye punda. Nilikijua kicheko hicho kimo. Ndicho nilichokuwa nikikisikiliza miaka yote, zaidi ya udi. Wewe umekifanya kirudi mara nne, kwa mdundo.  Mimi huwa najitayarisha kumsikia mara moja.

Wali walikuwa wamekuja nao wa matanga, na chakula hakirudishwi. Tukapika, tukala. Halafu Shekha akasema wamelia njia nzima toka Mambrui na hawaondoki mikono mitupu, niimbe. Nikakataa. Nikakataa tena. Niliimba mbili. Dirisha lilikuwa wazi na majirani wana masikio.

Leo wasichana wanane kati ya ishirini hawakuja kusoma. Darasa lile ndilo maisha yangu, Dena. Sina mtoto wala mume, nina wale ishirini.

Nataka uniambie kwa nini ulifanya hivi. Nataka kaseti yangu. Na jambo la tatu: wimbo wa punda kwenye kaseti yako ni mfupi. Beti nne za katikati hazimo. Ziko wapi?

Salamu hazikubaki.

Kaltuma


Kilifi
25 Septemba 1986

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, maana kukaa niliona si adabu.

Hizo beti nne sinazo. Nilizifuta kwa kidole changu, tarehe mosi Julai, saa nne asubuhi, kwa kubonyeza kitufe kisicho chake. Kaseti haikuwa ikipumzika. Mimi ndiye niliyekuwa nikiogopa. Leo nakurudishia, na ukifika pale katikati utanisikia mwenyewe, sitaki kukueleza zaidi.

Umeuliza kwa nini nilizitoa zile nyimbo. Uliposema maiti haoni vibaya, nikaona ni ruhusa, kwa sababu nilitaka iwe ruhusa. Na nilimpenda Nana. Nilifikiri mtu aliimba hivi akafa kwa homa, hakuna anayemjua, na mimi nina mashine mbili na kinanda. Kile kilio nilikitia usiku mmoja nikiwa nalia kweli. Ningejua ni punda nisingelia kiasi kile.

Kicheko nilikirudia kwa sababu kilikuwa kizuri. Sina sababu nyingine.

Nimezunguka madukani Malindi, Watamu na hapa nikizikusanya kaseti zangu. Thelathini na sita zimerudi. Nyingine watu wamekataa kuzitoa. Mzee mmoja wa Watamu ameniambia nianze kwa kumnyang'anya mke, ndipo niiguse kaseti yake.

Kama kuna mtu wa kwenda kuwaona wazazi wa wale wasichana na kuwaambia kosa ni langu, niko tayari kwenda kwa miguu.

Dena


Kilifi
20 Oktoba 1986

Karisa,

Bado hajajibu. Nimemwandikia mara mbili zaidi, na Kambi anasema barua anazipokea, anasema "ahsante", anafunga mlango. Kinanda nimekifunika kwa shuka. Jumamosi meneja wa hoteli aliniuliza kwa nini hata disko yangu inasikika kama mazishi.

Ngoma zako ziko hapa. Njoo uzichukue, sidhani tutazihitaji.

Dena


Shela, Malindi
2 Novemba 1986

Dena,

Nimekawia kwa sababu nilikuwa na hasira, na barua ya hasira nimekwisha kukuandikia moja.

Kaseti niliisikiliza. Nilipofika katikati, "Helo, helo, Dena hapa", nilizima. Kesho yake nikaisikiliza tena, nikalia, maana pale pana beti alizozipenda Faki na wewe umekaa juu yake. Siku ya tatu ulipoita "helo", nilikuwa nachambua mboga, nikaitika. Nikajikuta nacheka peke yangu jikoni, mwanamke wa miaka hamsini na sita, anaitikia kaseti. Mteja wako alipata pasi yake?

Sasa habari za darasa. Alikuja Bwana Dedan, mwalimu wa shule ya msingi, kuniambia binti wa jirani yake hatasoma tena kwangu. Nikamwambia yeye si Mwislamu, aniachie mwenye mtoto aje. Akaja mwenye mtoto, Bwana Athmani muuza vitambaa, amevaa joho la Ijumaa siku ya Jumanne. Hakukaa. Akasema, "Bi Kaltuma, nakuheshimu, lakini mwalimu anayeimba habari za punda hawezi kumsomesha mwanangu."

Nikamwambia, "Bwana Athmani, umejuaje kama ni punda?"

Akaanza kunyoosha mikono ya joho lake.

"Wenzako wote mtaani wanadhani ni huzuni. Kuna waliolia. Punda anatajwa kwa jina lake mwishoni tu, kabla ya hapo ni 'yule mwenye masikio'. Mtu hajui ni punda mpaka asikilize mpaka mwisho."

 Akasema neno ninalolitumia kwa shayiri si sahihi kwa Kiarabu cha Shihri, babu yake alikuwa wa huko. Tukabishana neno hilo mpaka magharibi. Kesho yake binti yake alikuwa wa kwanza barazani, na watano wakamfuata. Wawili hawajarudi. Wale nawasikitikia, lakini siwezi kurudi kuwa maiti kwa ajili yao.

Alhamisi ijayo nitakuja Kilifi na Shekha. Ule wimbo nitauimba upya mbele ya mashine zako, na nyingine tatu ambazo Faki hakuzirekodi. Jina langu liandikwe kwenye karatasi, na uandike kuwa nipo. Kile kilio cha askofu kitoke. Samba ibaki, kwa sababu nimeisikiliza sana na huo ndio mwendo wa punda hasa, aliyebuni kitufe hicho lazima alifuga. Kicheko usikiguse, kibaki mara nne.

Zile beti ulizofuta sizikumbuki. Nimezitafuta mwezi mzima kichwani, zimekwenda. Nitatunga nyingine.

Usimpe Shekha kahawa nyepesi.

Kaltuma binti Abeid


Kilifi
10 Desemba 1986

Mamangu,

Shikamoo wewe na Bi Shekha, ambaye tangu siku ile watu wa kivukoni wananiuliza atarudi lini kuwapanga foleni.

Kaseti mpya imetoka na picha ya mnazi nimeiondoa. Karisa aliipeleka Marereni, akaipiga wakati wa chakula cha mchana. Kuna mzee wa Kihadhrami anayeuza kashata pale penye mashamba ya chumvi. Karisa anasema kwanza mzee alitikisa kichwa tu, kama mtu anayekubali udi. Zilipofika zile beti zako mpya, aliweka sinia chini. Akacheka mpaka akashika magoti. Kisha akauliza, "Dena ndiye nani?"

Mama, kumbe jina langu limo. Nililisikia mara mbili siku ile unaimba, nikadhani ni neno la Kiarabu. Nilikuwa nikikutikisia kichwa kwa furaha.

Mzee amekataa kufasiri, anasema ana wajukuu. Nakuomba uniambie nimetukanwa nini, maana kaseti inauzwa mpaka Lamu na nitakuwa napita mbele za watu.

Mwanao,
Dena


Shela, Malindi
17 Desemba 1986

Mwanangu Dena,

Wa alaika salamu na marahaba. Sikutaka kukwambia siku ile kwa sababu ulikuwa umefurahi, na ulikuwa unapiga vizuri.

Ubeti wa kwanza, yule mke anasema: nilidhani mwenye masikio marefu ni punda wangu, mpaka nilipomwona fundi wa Kilifi. Wa pili: Dena, uliambiwa usisikilize, ukasikiliza, uliambiwa haina nakala, ukaifuta. Hapo ndipo Shekha alipotoka nje ukadhani amebanwa na kikohozi. Wa tatu: lakini punda wangu alikuwa amelala zizini miaka kumi na mmoja, sikumwamsha mimi wala jirani, na huyu asiye na adabu akampiga teke, akasimama, anatembea. Kwa Kiarabu ni tamu zaidi, na neno "teke" lina maana mbili. Bwana Athmani anazijua zote mbili, ameniomba nisizieleze.

Jumamosi ya tarehe ishirini na saba kuna harusi Gede, wanatutaka. Umeme wa huko hauaminiki, mwambie Karisa alete ngoma zote.

Ubeti wa nne sikufasirii. Niliuimba nimekupa mgongo, na wewe ukapunguza sauti ya kinanda bila kuambiwa. Nilikushukuru kwa hilo. Ubeti ule si wako, ni wa mwenye kile kicheko.

Mamako,
Kaltuma binti Abeid